Mkasi wa Mgeni Rasmi

Nesi Romana ana ndoo thelathini na moja. Naanza na ndoo kwa sababu ukifika shuleni kwetu, nje kidogo ya Majimoto, ukamwulizia nesi, wanafunzi watakuuliza kwanza, "Mama Ndoo?" Ni ndoo za rangi ya ukuta, zile za lita ishirini zenye mfuniko. Kila lilipojengwa jengo Majimoto, alikwenda kuwaomba mafundi zilizokwisha. Alizisugua kwa mchanga, akazitoboa chini, akazitia koki. Kwa miaka kumi na moja zilipangwa nyuma ya chumba chake cha matibabu, ambacho zamani kilikuwa stoo ya majembe, na kila mkuu wa shule aliyehamia alimwuliza lini ataondoa ule uchafu.

Si mtu wa kukusanya takataka. Alizaliwa Kasekese, akasomea uuguzi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye zahanati ndogo njia ya Inyonga. Mwaka wake wa pili pale, kambi moja ya vibarua wa tumbaku ilishikwa na kuhara. Watu wanne walikufa kwa siku mbili.

"Kilichowaua ni kiu," huniambia, na huwa anasema kwa hasira kana kwamba mimi ndiye nilikuwa msimamizi wa kambi. "Maji ya chumvi na sukari, mtoto wa darasa la tatu anajua kuyakoroga. Nilikuwa nayo kichwani, sikuwa na chombo. Watu arobaini, sufuria moja, na hiyo moja ina ugali!"

Ndiyo maana ya ndoo.

Mimi nilifika kama mwalimu wa kujitolea, nikapewa Kiswahili cha kidato cha pili na maktaba. Maktaba yetu ni chumba chenye rafu nne na paa lisilovuja, na hilo paa ndilo lililoniingiza kwenye mambo haya.

Januari ilikuja barua. Wauguzi wa shule za bweni waliitwa Mpanda, siku tatu, mafunzo ya kujiandaa na majanga na dharura za afya. Romana aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Miaka kumi na moja hakuwa ameitwa popote. Kila shule ilitakiwa kuleta watu wawili, nami nilikuwa mgeni ambaye bado hajajua kukataa, kwa hiyo nikaandamana naye. Alibeba daftari jipya lenye maswali kumi na manane yaliyoandikwa kwa wino mwekundu.

Ukumbini tulikuta washiriki ishirini na wawili. Wauguzi, pamoja na Romana, walikuwa watatu. Waliobaki walikuwa walimu wa michezo, wahasibu, na makamu mkuu mmoja aliyekiri bila haya kwamba alikuja Mpanda kununua mabati na mafunzo yamempa usafiri.

"Kwani shule yenu haina nesi?" Romana akamwuliza.

"Tunaye, tena mzuri. Sasa angekuja huku, wagonjwa angewaachia nani?"

Siku ya kwanza tulimngoja mgeni rasmi aje kufungua mafunzo. Tuliketi kuanzia saa mbili mpaka saa sita kasoro, vitini vya mafunzo viko mezani mbele yetu, na hakuna aliyeruhusiwa kufunua hata ukurasa, kwa sababu mafunzo yalikuwa hayajafunguliwa. Romana alifunua. Mhudumu wa ukumbi akaja akakifunika.

Mkufunzi alikuwa Damiano, kijana mpole wa kompyuta, na, kumtendea haki, alijua kazi. Ila alikuwa na mpangilio wake, na mpangilio haukuvunjika.

"Mkufunzi," Romana alinyoosha mkono, "mvua ikijaza vyoo, vyoo vikamwagikia kisima, ile saa ya kwanza nafanya nini?"

"Swali zuri sana, mama. Hilo liko Sehemu ya Nne."

"Na Sehemu ya Nne ni lini?"

"Siku ya tatu, mchana."

Siku ya tatu mchana mgeni rasmi alikuja kufunga. Sehemu ya Nne ilibaki ndani ya kompyuta ya Damiano, na sisi tukatoka nje kupiga picha.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa na faida. Damiano alitufundisha kugawa kazi kabla ya janga kuja: nani anachota maji, nani anapokea wagonjwa mlangoni, nani anaandika majina na saa, nani anakaa na mgonjwa na kumnywesha bila kuondoka. Romana aliandika kurasa sita. Wakati wa chai alinishika mkono, akasema, "Hiki ndicho nilichokosa kule Inyonga. Nilikuwa nakimbia peke yangu kama kuku." Nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona akitabasamu katika safari nzima.

Mwishoni kila shule ikapewa katoni mbili. Ndani mlikuwa na pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kukorogea wanaohara, vidonge vya klorini, glovu, aproni, na chupa ishirini za maji ya dripu pamoja na mipira na sindano zake. Romana alipoona orodha aliifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Ilikuwa kama mtu ameonyeshwa picha ya nduguye aliyepotea. Kila katoni ilikuwa imefungwa kwa utepe wa bluu.

"Zitakabidhiwa rasmi shuleni kwenu," Damiano alitangaza. "Mtaletewa tarehe."

"Si ndizo hizi?" Romana akauliza, mkono wake juu ya katoni.

"Ndizo, mama. Ila hazijakabidhiwa."

"Na tunasafiri nazo sisi?"

"Mnasafiri nazo nyie. Msifungue tu."

Tukasafiri nazo, tukipita porini kwenye barabara yenye mashimo, Romana amezikumbatia kwa zamu. Stoo ya shule inavuja, hivyo mkuu wetu, Mwalimu Eustace, aliamuru ziwekwe maktaba. Ufunguo ukawa kwangu.

Mwalimu Eustace si mtu mbaya. Alikotoka, wanafunzi walikalia madawati ya msaada kabla hayajakabidhiwa. Mgeni rasmi alipofika akakuta yana wino, akageuza gari pale pale, na kwa mujibu wa Mwalimu Eustace shule ile haikuona tena msaada hata wa chaki. Tangu hapo ana woga wa kitu chochote chenye utepe.

Tarehe ya kwanza ya makabidhiano ilikuwa mwanzoni mwa Februari. Turubai lilifungwa, wimbo ukatungwa, mgeni akapata udhuru. Tarehe ya pili ilikuwa wiki mbili baadaye, na turubai likafungwa tena, na udhuru ukaja tena, safari hii saa saba mchana, wanafunzi wameshaimba mara tatu kupasha koo. Katikati ya hayo tuliendelea kufanya mazoezi ya igizo la dharura, ambalo mgeni angeonyeshwa ili ajue mafunzo yameeleweka. Mwalimu Cletus, mshereheshaji wetu, ndiye aliyechagua wagonjwa ishirini wa kulala kwenye nyasi.

"Hawa wote wazuri mno," Romana akalalamika. "Mgonjwa gani wa kuhara ana sketi iliyopigwa pasi?"

"Nesi, wagonjwa wawe nadhifu. Mgeni atapiga nao picha."

Mvua nazo hazikungoja tarehe. Mto ulipanda mashambani kwenye mpunga, na mwisho wa Februari tukasikia kijiji cha ng'ambo watu wanahara na kutapika. Baadhi ya wanafunzi wetu hutoka huko na Jumapili huletewa chakula kutoka nyumbani. Romana alikwenda ofisini siku hiyo hiyo, nami nilikuwa pale nikisahihisha daftari pembeni ya dirisha.

"Mkuu, naomba katoni."

"Nesi, tulishaongea."

"Tuliongea kabla ya ng'ambo. Sasa hivi ng'ambo kuna ki..."

"Usilitaje jina hilo hapa mpaka maabara iseme!"

"Sawa, silitaji. Hilo nisilolitaja likiingia bwenini, mabinti mia mbili na arobaini, nitawanywesha nini?"

"Koroga chumvi na sukari, si ndiyo fani yako?"

"Ya kukoroga nitakoroga. Wa kutapika kila kitu nitamfanyaje? Huyo anataka dripu, Mkuu. Nipe moja tu. Katoni moja."

"Ratiba imeandika katoni mbili. Nikifungua leo, Alhamisi hii, tarehe ya tatu, mgeni akabidhi nini? Hewa?"

Romana alitoka. Akaandika barua, haikujibiwa, kwa sababu mtu wa kujibu alikuwa ameshajibu kwa mdomo. Basi akaziteremsha ndoo zake, akaziweka mabwenini na jikoni, maji yaliyochemshwa, sabuni pembeni. Kwa siku mbili zilikaa. Siku ya tatu Mwalimu Cletus akaagiza zirudishwe nyuma ya chumba, maana makabidhiano yalikuwa kesho na ndoo zenye madoa ya rangi zinaharibu mandhari.

Nilikuwa na ufunguo wakati wote huo, mfukoni mwa sketi. Romana hakuniomba. Nami sikujitolea. Nilijiambia mimi ni wa kujitolea, jina lenyewe linatosha.

Siku ya makabidhiano ilikuwa Alhamisi. Saa moja asubuhi nilizitoa katoni, zikawekwa meza kuu juu ya kitambaa cheupe, na pembeni yake sahani ya chuma yenye mkasi wa kukatia utepe, nao umefunikwa leso. Saa mbili, Minza wa kidato cha pili alitapika mstarini. Ni binti mwembamba, mcheshi, msomaji wangu mkubwa kuliko wote, anayeazima vitabu viwili viwili. Jumapili alikuwa ameletewa chakula kutoka ng'ambo. Kabla ya saa tatu walikuwa watatu.

"Wapelekwe bweni la nyuma," Mwalimu Eustace aliamuru kwa sauti ya chini. "Wasionekane mpaka mgeni aondoke."

"Mkuu, mgeni anakuja kuona wagonjwa," Romana akasema.

"Anakuja kuona igizo!"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, naapa. Wagonjwa ishirini wazima walilazwa kwenye nyasi mbele ya turubai, kila mmoja na kikaratasi kifuani kinachosema anaumwa nini, na wagonjwa watatu wa kweli wakafichwa nyuma ili wasiharibu.

Mgeni alikuwa afike saa nne. Saa nne ikapita. Saa tano simu ikasema yuko njiani. Saa tano na nusu ikasema bado yuko Mpanda, anamalizia kikao. Bweni la nyuma, Romana alimnywesha Minza kijiko kimoja kimoja. Minza alirudisha kila kijiko. Wale wawili walikuwa wakibakiza kidogo. Minza hakubakiza kitu. Macho yalizama. Romana alimfinya ngozi ya tumbo, nayo ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Gari la shule?" aliniuliza.

"Limekwenda kumpokea mgeni barabarani. Simu ya dereva haipatikani."

"Pikipiki?"

Nilishauliza. Kituo cha afya kiko kilomita kumi na nne, tope tupu, na Minza hakuweza kukaa wima hata kitandani.

Romana aliweka vidole kwenye mkono wa Minza kutafuta mapigo. Alitafuta kwa muda mrefu. Kisha akamlaza kwa ubavu, akamwambia rafiki yake amshike, akasimama, akafunga vizuri kilemba chake.

"Njoo," akaniambia.

Nilimfuata. Tulitokea nyuma ya turubai, tukapita mbele ya wazazi, mbele ya walimu waliovaa sare za kitenge, mbele ya wanafunzi wote. Kwaya ilikuwa ikiimba ile sehemu ya kumkaribisha mgeni ambaye hakuwepo. Romana alifika meza kuu, akaondoa leso, akachukua mkasi.

"Nesi," Mwalimu Eustace alinong'ona, bado anatabasamu kwa ajili ya wazazi. "Nesi Romana. Weka chini."

Akakata utepe wa kwanza.

"Nesi! Mgeni yuko njiani!"

"Minza naye yuko njiani, Mkuu. Ila yeye anaondoka."

Akakata wa pili. Kwaya ikazima, sauti moja baada ya nyingine. Mwalimu Cletus alikuwa na kipaza sauti mkononi na mshereheshaji hawezi kuvumilia ukimya, kwa hiyo akatangaza: "Na sasa, mabibi na mabwana, tunamwona nesi wetu akituonyesha zoezi kwa vitendo! Makofi kwake tafadhali!"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Romana alikuwa ameshanipakia chupa za dripu mikononi, na alipofika kwenye nyasi alisimama juu ya wale wagonjwa nadhifu.

"Nyie! Mko wazima?"

"Ndiyo, Nesi," mmoja akajibu bila kufumbua macho, maana walikatazwa kufumbua.

"Amkeni! Watano wakalete ndoo zangu. Watano jikoni, mchemshe maji, mwambieni mpishi nimesema mimi. Wawili mlangoni kwa bweni la nyuma, asiingie mtu bila kunawa. Mwenye mwandiko mzuri nani? Wewe, chukua daftari, andika jina na saa. Waliobaki, nifuateni, kila mgonjwa apate mtu wake na kikombe."

Wakainuka kama walivyofundishwa kwenye igizo, vikaratasi bado vimening'inia vifuani. Aliyeandikwa MAHUTUTI ndiye aliyekimbia mbele ya wote na ndoo mbili.

Ilimchukua Romana mara tatu kuupata mshipa wa Minza. Mara ya tatu ukaingia. Nilishika chupa juu kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuitundikia, mkono wangu ukafa ganzi, sikuubadilisha. Chupa ya kwanza iliisha. Katikati ya chupa ya pili Minza alifumbua macho, akanitazama.

"Mwalimu," akasema, sauti kama karatasi, "kile kitabu sijakimaliza."

Romana aligeukia ukuta. Aliporudi alikuwa na ukali wake wa kawaida. "Nyamaza, unywe."

Mgeni rasmi alifika saa tisa na nusu. Kabla yake, saa tisa, Mwalimu Eustace alikuwa amekuja mlangoni kwa maktaba, jasho linamtiririka. Katoni zilikuwa mbili, tupu, na tepe zimekatwa. Utepe mwingine walikuwa nao. Walichohitaji ni uzito.

"Vitabu," akaniambia. "Nisaidie, mwalimu wangu. Nusu saa tu."

Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Rafu yote ya kidato cha pili iliingia ndani ya katoni zile, na mgeni rasmi alikabidhi vitabu vyetu wenyewe kwetu sisi, akisema vifaa hivi viwe tayari wakati wowote. Alipoitwa muuguzi apokee, muuguzi hakuwepo. Mwalimu Eustace akapokea kwa niaba yake, akayumba kidogo, na mgeni akacheka kwamba vifaa ni vizito. Utepe haukukatwa, kwa kuwa mkasi haukuonekana, na igizo halikuonyeshwa, tuliambiwa muda umekwenda.

Wanafunzi waliougua wakafika kumi na wawili kabla janga halijatulia. Wote wamepona. Maji ya dripu yalitumika chupa kumi na sita, na sampuli iliyopelekwa maabara mpaka leo haijarudi na jina. Ng'washi, mama yake Minza, alivuka mto Jumamosi na kibuyu cha maziwa. Aliingia akiuliza, "Ng'wanone yuko wapi? Mwanangu yuko wapi?" na alipomkuta Minza ameketi anakula uji, akaketi sakafuni, akaisukuma ile ndoo yenye koki kwa kidole. "Hii ndiyo yenyewe? Ya rangi?" Romana akasema ndiyo. Ng'washi akasema nyumbani anazo tatu, atazileta.

Jumatatu Romana alipewa barua. Alitakiwa kujieleza, ndani ya siku saba, kwa nini alifungua vifaa kabla ya makabidhiano. Alikuja nayo maktaba.

"Wewe una kalamu," akasema. "Niandikie vizuri."

"Tuseme nini, Nesi?"

"Sema nilisubiri."

"Basi?"

"Weka na tarehe. Ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Na saa."

Nikaandika hivyo. Akatia sahihi, akaipeleka mwenyewe. Jibu bado.

Katoni zilirudi maktaba zikiwa zimefungwa utepe, na agizo jipya: zisifunguliwe mpaka wakaguzi waje kuona kwamba vifaa vipo na havijaguswa. Nilimweleza Mwalimu Eustace kwamba ndani ni vitabu. Alisema anajua. Nikasema kidato cha pili wana mtihani. Akasema wakaguzi hawatakawia.

Wiki iliyopita Minza alikuja kuulizia kile kitabu, alichokuwa akikisomea pale pale maktaba. Amekonda, lakini anatembea mwenyewe. Nilimwonyesha katoni, nikamwambia kimo ndani na wakaguzi bado. Aliisoma tarehe ya makabidhiano iliyoandikwa juu yake, akanitazama kama mtu anayengoja mwisho wa utani.

Romana alikuwa ameketi mlangoni, anatia koki kwenye ndoo ya kwanza ya Ng'washi. Hakuinua kichwa. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa mkasi. Ulikuwa ule ule wa sahani ya chuma. Siku zote hizo hakuwa ameurudisha. Aliunyoosha kwangu, mpini mbele.

"Mimi barua moja inanitosha," akasema. "Ya pili andika ya kwako."

Niliuchukua. Nikakata.